Namna ya Kupima Kama Nishati ya Nyumbani Inaongeza Ustawi: Mwongozo kwa Kaya za Tanga

Kaya nyingi za mjini Tanga zinajua umeme wa mwezi unagharimu shilingi ngapi na gunia la mkaa linaisha baada ya siku ngapi, lakini ni chache zinazoweza kueleza gharama hiyo imerudi nyumbani kwa sura gani: imempunguzia nani kazi, imemwondolea nani kikohozi, imempa mtoto yupi saa ya kusoma. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima pande zote mbili kwa pamoja, kwa kutumia daftari, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki. Unamfaa mwenye nyumba wa Raskazone na vilevile mpangaji wa chumba kimoja Ngamiani, ingawa huyu wa pili ametengewa sehemu yake, kwa kuwa hesabu yake ina mafundo ambayo mwenye mita ya peke yake hayajui.

Uhusiano kati ya nishati na ustawi umechunguzwa kwa miongo mingi. Mwaka 1985 wataalamu wanne, José Goldemberg wa Brazili, Thomas Johansson wa Uswidi, Amulya Reddy wa India na Robert Williams wa Marekani, walipiga hesabu na kuonyesha kwamba kilowati moja kwa kila mtu, usiku na mchana, ingetosha kukidhi mahitaji ya msingi na kubakiza ziada kubwa, mradi vyombo vinavyotumika viwe vyenye ufanisi. Mwaka 2022 Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilinganisha takwimu za nchi 140, wakaona kwamba viashiria vya ustawi, kama vile umri wa kuishi, vifo vya watoto wachanga na upatikanaji wa chakula, huboreka kwa kasi pale matumizi ya nishati yanapoanzia chini kabisa, kisha kasi hiyo hupungua hadi kufikia ukomo mahali fulani kati ya gigajuli 10 na 75 kwa mtu kwa mwaka, kutegemea kiashiria kinachopimwa (gigajuli moja ni sawa na uniti zipatazo 278 za umeme, yaani kilowati-saa). Mmarekani wa kawaida hutumia zaidi ya gigajuli 280, ilhali Mwitaliano, ambaye hutumia chini ya nusu ya hizo, huishi miaka mingi zaidi.

Kwa mtu wa Tanga, matokeo hayo yana maana mbili. Ya kwanza ni kwamba nishati ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa hiyo kaya yenye uniti chache haina sababu ya kuzidharau. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi, ni kwamba nishati iliyoteketezwa si sawa na nishati iliyopokelewa, na kaya inaweza kuunguza nyingi sana huku ikipata kidogo. Ukaribu na chanzo nao hausaidii peke yake. Mkoa huu una mitambo ya maji ya Mto Pangani, ule wa Hale uliojengwa miaka ya 1960 na ule wa Maporomoko Mapya ya Pangani uliokamilika mwaka 1995, na ndio mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani. Hata hivyo, yapo majiko ya mafiga yasiyo mbali na mahali hapo, na wanaoyapuliza hawapati nafuu yoyote kwa sababu tu ya kupitiwa na bomba.

Kuandaa daftari

Gawa ukurasa wa daftari katika pande mbili. Upande wa kushoto andika kila kilichotumika katika siku husika: uniti za umeme, kilo za mkaa au kuni, gesi, petroli ya pikipiki au nauli ya bodaboda na daladala. Upande wa kulia andika kilichopatikana, na hapa usiandike maneno ya jumla kama "tumefaidika". Andika saa ambazo mpishi alikaa jikoni, saa ambazo mtoto alisoma baada ya magharibi, ndoo zilizobebwa kwa mkono, chakula kilichochacha kikamwagwa, na usiku ambao mtu hakulala kwa joto. Fanya hivyo kwa wiki mbili kamili, na wiki hizo zisiwe na arusi wala msiba nyumbani, kwa kuwa sufuria za siku hizo hazifanani na za siku nyingine.

Jambo moja lizingatiwe tangu mwanzo. Daftari lisishikwe na anayelipa peke yake. Baba anayenunua umeme anaweza kuwa hajui kabisa kwamba moto wa chai huwashwa saa kumi na moja alfajiri, na binti anayeuwasha hajui bei ya gunia. Wakiandika wote wawili, daftari linakuwa la kweli.

Jikoni

Hapa ndipo nishati nyingi ya kaya inapokwenda, na ndipo madhara yalipo makubwa kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto wadogo wanaougua nimonia. Kwa hiyo anza kupima jikoni hata kama bili ya umeme ndiyo inayokuumiza kichwa.

Pima gunia au kiroba cha mkaa siku ya kwanza, kisha pima kilichobaki siku ya nane, na ugawe tofauti kwa saba. Tuchukue kaya inayotumia kilo mbili kwa siku. Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati inayokaribia uniti nane za umeme, kwa hiyo kaya hiyo huteketeza sawa na uniti 16 kila siku. Katika jiko la kawaida la bati ni takriban sehemu moja kati ya tano tu inayofika ndani ya sufuria. Zilizobaki hupasha joto uani, ukuta na uso wa mpishi. Tena hapo hatujahesabu kilichopotea porini, maana katika tanuru la udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo sita hadi kumi za kuni. Sasa linganisha na kaya inayopika vyakula vilevile kwa jiko la presha la umeme pamoja na jiko dogo la sahani: uniti moja hadi mbili kwa siku huwa zinatosha. Kwa kipimo cha nishati iliyoteketezwa, kaya ya mkaa ni tajiri mara nane au zaidi; kwa kipimo cha ustawi, ndiyo maskini.

Moshi wenyewe unaweza kuupima bila chombo cha maabara. Chukua vipande viwili vya kitambaa cheupe vya ukubwa wa kiganja, bandika kimoja ukutani jikoni kwenye kimo cha pua ya mpishi anapokuwa ameketi kwenye kigoda, na kingine katika chumba cha kulala, mbali na mlango wa uani. Baada ya wiki moja vibandue na uvilaze pamoja kwenye karatasi nyeupe mbele ya dirisha. Kama cha jikoni kimegeuka rangi ya majivu na cha chumbani kimefifia kidogo tu, tatizo liko jikoni na linaweza kupunguzwa kwa kufungua tundu la hewa juu ya ukuta au kuhamishia jiko kwenye banda lililo wazi pande mbili. Kama vyote viwili vimechafuka, basi moshi unaingia ndani na unalala na watoto, na hilo ni jambo la kushughulikiwa wiki hiyohiyo.

Mkaa uliokolea hudanganya, kwa sababu hautoi moshi unaoonekana. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata usiku wa mvua za masika, hata kama nia ni kukausha nguo za mtoto.

Kwa gesi, njia rahisi ya kupima ni kuandika tarehe ya kufunga mtungi na tarehe ya kuisha. Mtungi wa kilo sita una nishati ya uniti zipatazo 77, na kwa kuwa nusu yake au zaidi hufika kwenye sufuria, huwa unashindana vizuri na mkaa pale anayelipa anapoweza kutoa fedha zote kwa mara moja. Hapo ndipo penye kikwazo. Mkaa hununuliwa kwa kopo, gesi hununuliwa kwa mtungi, na mama lishe anayepata fedha kwa siku hawezi kuwekeza fedha ya mwezi. Anayemwambia kwamba gesi ni nafuu amempigia hesabu sahihi isiyomsaidia. Suluhisho linalotumika na wengi ni kuweka akiba ya kila siku kwenye kibubu au kwenye mchezo wa upatu uliotengwa kwa ajili ya kujaza mtungi tu. Kuhusu usalama, kumbuka kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni: ukinusa, funga valvu, fungua milango, usiguse swichi yoyote, na utafute panapovuja kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika daftari lako usihesabu umiliki wa jiko, hesabu milo. Kaya nyingi zina mtungi wa gesi unaochemsha chai asubuhi, huku maharage, makande na kisamvu vikiendelea kupikwa kwa mkaa kwa saa tatu. Vyakula hivyo vya kuchemka muda mrefu ndivyo vya kuhamishiwa kwanza kwenye jiko la presha la umeme, ambalo hupika sufuria ya maharage kwa chini ya nusu uniti na kuzima lenyewe, na mpishi akaenda zake sokoni Mgandini. Wali wa nazi unaweza kusubiri. Wapo wazee wasiokubali wali usiopaliliwa makaa juu ya kifuniko, na sioni sababu ya kuanzisha ugomvi kwa chakula kinachochukua nusu saa.

Kusoma mita ya LUKU

Katika mita hii ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, soma salio la uniti kila siku kwa saa ileile, kwa mfano baada ya swala ya isha, na uandike tofauti. Unaponunua umeme, usigawe shilingi kwa uniti na kudhani umepata bei, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo. Angalia ujumbe wa manunuzi unaoonyesha makato. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika 122. Mteja wa kawaida wa kundi linalofuata hulipa shilingi 292, ambazo hufika takriban 356. Tofauti hiyo ya karibu mara tatu ina uzito kuliko ushauri wowote wa kuzima taa.

Ili kujua kifaa kimoja kinakula kiasi gani, zima vyote vingine na usimame mbele ya mita. Utaona taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu na taa hiyo kuna maandishi kama 1000 imp/kWh, maana yake taa hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo; jibu ndilo wati za kifaa. Sekunde 36 ni wati 100, na sekunde 60 ni wati 60, ambazo ni za feni ya kawaida. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawa 2,250 badala ya 3,600. Friji lipime likiwa linanguruma na tena likiwa kimya, halafu libane karatasi kwenye mlango: karatasi ikichomoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka, na baridi unayoilipia inamwagika jikoni.

Ukishapata wati, rudi upande wa kulia wa daftari. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku, uniti moja huiwasha kwa siku 22; mtoto wa darasa la saba amesoma wiki tatu kwa shilingi 122, jambo ambalo kibatari hakiwezi kulifanya kwa bei yoyote. Simu huchajiwa zaidi ya mara 50 kwa uniti moja. Kupandisha lita 1,000 za maji hadi kwenye tangi la mita kumi kunahitaji karibu sehemu ya kumi ya uniti kwa pampu ndogo ya kawaida, na lita hizo zikibebwa kwa kichwa ni ndoo 50 za lita 20. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo nishati kidogo namna hiyo inanunua mgongo wa mtu. Kwa upande mwingine, hita inayopasha ndoo moja ya maji ya kuoga hutumia zaidi kidogo ya theluthi ya uniti, na katika mji ambao maji ya bomba mchana hutoka yakiwa ya vuguvugu, watu wengi wazima hawaihitaji. Mgonjwa, mzazi na mtoto mchanga wanaihitaji.

Mita moja, wapangaji watano

Katika nyumba za vyumba vingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa, kaya tatu hadi sita huchangia mita moja. Kila kaya peke yake ingekuwa chini ya uniti 75 kwa mwezi, lakini zikijumlishwa zinavuka, na mita inayovuka kwa kawaida huhamishiwa kundi la bei kubwa. Wapangaji wenye taa mbili na redio wanajikuta wakilipa bei ya mwenye kiyoyozi. Hilo ni kosa la mpangilio, si la mtu, lakini ndani ya nyumba huonekana kama kosa la mwenzako, na ugomvi wake unajulikana: "Dada, friji lako ndilo linalotumaliza."

Friji pengine silo. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, kubalianeni kwa heshima mchana mmoja wa Jumapili, wote wakiwapo, muizime nyumba nzima na kupima chumba kimoja baada ya kingine kwa njia ya taa inayopepesa. Mzee wa nyumba au mpangaji wa siku nyingi ndiye afungue mazungumzo, kwa kuwa kijana aliyehamia juzi akisema "tupimane" ataonekana anatuhumu. Andikeni wati za kila chumba na saa zinazokadiriwa, kisha mgawe mchango kwa uwiano huo badala ya kugawa sawa kwa sawa. Mara nyingi itaonekana kwamba kinachokula ni pasi ya mtu anayepiga nguo za kazi kila asubuhi au jagi la umeme, na kwamba friji jipya dogo halifiki nusu ya lawama lililobebeshwa. Kifaa cha kupimia cha kufungwa kwa kila chumba kinapatikana kwa mafundi wa umeme na huondoa ubishi moja kwa moja. Mwenye nyumba anayejali zaidi ataomba mita ya ziada, na ikipatikana kila kaya inarudi kwenye bei yake.

Joto, chakula baridi na safari

Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, nyumba ya mabati isiyo na dari hushika joto hadi usiku wa manane, na usingizi ni sehemu ya afya. Feni ya wati 60 kwa saa nane hutumia karibu nusu uniti. Kiyoyozi huvuta karibu wati 1,000 kila mashine yake inapozunguka. Kabla ya kuchagua kati ya hivyo viwili, weka dari, hata ya turubai jeupe au ya makuti chini ya bati, na tundu la hewa upande unaotazama bahari. Fedha ya dari hulipwa mara moja, ya kiyoyozi hulipwa kila mwezi.

Friji lihesabiwe kwa samaki lililookoa na kwa dawa lililohifadhi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anahitaji mahali pa nyuzijoto 2 hadi 8 pa kuweka chupa ambazo hazijafunguliwa, na katika kaya hiyo friji halijadiliwi; katika kaya inayopoza maji tu, mtungi wa udongo hufanya kazi hiyo bure.

Kuhusu safari, Tanga ina bahati ya kuwa mji wa baiskeli. Andika safari zisizozidi kilomita tatu zilizofanywa kwa bodaboda, uzijumlishe kwa mwezi, na daftari litasema lenyewe.

Kuamua kianze kipi

Baada ya wiki mbili, panga matumizi kwa swali moja: kwa kila shilingi elfu moja, ni nani ndani ya nyumba amepata saa ngapi au amepumua vipi. Usipange kwa wingi wa uniti. Kwa kaya nyingi nilizoziona, mpangilio huja hivi: moshi wa jikoni kwanza, kisha taa ya mwanafunzi na maji, kisha hewa ya chumba cha kulala, na vingine vyote nyuma yake. Kaya yenye mgonjwa au mtoto mchanga itapanga tofauti, na iko sahihi.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, maana ukinunua jiko la presha na kufunga dari katika mwezi uleule hutajua kipi kilichomwondolea bibi kikohozi. Rudia upimaji kwa wiki mbili nyingine mwezi Julai, upepo wa kusi ukiwa umepoza mji na mafeni yamezimwa: tofauti ya uniti kati ya misimu hiyo miwili ndiyo gharama halisi ya joto la nyumba yako, na ndiyo namba ya kumpelekea fundi wa dari.